Alama ya Mwili ni Amana: Historia Fupi ya Kumbukumbu za Vidole na Vinasaba



Siku moja, katika kipindi cha msamiati hapa Lilongwe, niliandika ubaoni neno "alama" na kuwaomba wanafunzi wangu walitungie sentensi. Wengi walitaja alama za mtihani na alama za barabarani. Kijana mmoja, ambaye familia yake inaishi Dzaleka, alisimama akasema: "Alama zangu za vidole zilichukuliwa nilipokuwa mtoto." Sentensi ilikuwa sahihi, nami nikampongeza. Hakukaa. Akauliza: "Mwalimu, sasa ziko wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Makala hii ni jibu langu lililochelewa. Nimeiandika kwa ajili yake na kwa ajili yako wewe unayejifunza Kiswahili, maana swali lake linamhusu kila mtu ambaye amewahi kubonyeza kidole juu ya mashine, kupigwa picha ya mboni za macho, au kutoa mate yapimwe.

Kabla ya kuingia katika historia, tujifunze neno moja: amana. Amana ni kitu ambacho mtu humkabidhi mwenzake amtunzie. Mtunzaji hakimiliki. Hana ruhusa ya kukitumia kwa shughuli zake, wala kumpa mtu wa tatu bila idhini ya mwenyewe. Akifanya hivyo, amekuwa mhaini wa amana, hata kama kitu chenyewe hakikuharibika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao walisema kweli. Lakini daftari lenyewe nalo ni mali, na likiwa limeandikwa miili ya watu, linahitaji kulindwa kuliko mali nyingine zote. Hoja yangu ni hii: kumbukumbu ya mwili wa mtu ni amana, na historia inatuonyesha kwamba amana hiyo haipotei kwa wizi tu. Mara nyingi hupotea kwa kuhamishwa kimyakimya kutoka ofisi moja kwenda nyingine.

Kutoka mkataba hadi kipande

Mwaka 1858, William Herschel, ofisa wa utawala wa Kiingereza huko Bengal, India, alimtaka mkandarasi mmoja aweke alama ya kiganja chake kwenye mkataba wa vifaa vya kujengea barabara. Lengo lilikuwa dogo: mtu yule asije akaikana sahihi yake. Miaka 39 baadaye, mwaka 1897, ofisi ya alama za vidole ilifunguliwa Calcutta kwa ajili ya kuwatambua wahalifu. Utaratibu wake wa kupanga alama unajulikana kwa jina la Mwingereza Edward Henry, ingawa sehemu kubwa ya hesabu zake ilifanywa na maofisa wawili wa Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Mwaka 1901 polisi wa London nao wakauchukua. Angalia jinsi lengo lilivyobadilika: kilichoanza kama uthibitisho wa mkataba kimekuwa chombo cha polisi.

Afrika Mashariki ilikionja chombo hicho mapema. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1915 iliamuru wanaume Waafrika wa umri wa miaka 16 na zaidi waandikishwe. Ilianza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na Waswahili wakakiita cheti chake kipande. Kipande kilikuwa na alama za vidole vya mwenye nacho, jina la mwajiri wake na mshahara wake, nacho kilitiwa ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Mfanyakazi aliyetoroka shamba la mlowezi alisakwa kwa kumbukumbu hizo hizo. Mwajiri, mkuu wa wilaya na polisi walisoma daftari moja, na hapakuwa na ukuta kati yao. Harry Thuku na wenzake walipopinga utawala wa kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yao makuu. Huku kwetu pia, wanaume wa Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, waliokwenda kutafuta kazi Rhodesia ya Kusini, walibeba cheti kilichoitwa situpa. Waulize wazee, wapo ambao bado wanalikumbuka jina hilo.

Vinasaba vinaingia mahakamani

Neno la pili la kujifunza leo ni vinasaba. Linatokana na nasaba, yaani ukoo au mfululizo wa vizazi. Vinasaba ndivyo ambavyo watu wengi huviita DNA: maelezo yaliyomo ndani ya chembe za mwili, ambayo mtoto huyarithi kwa baba na mama. Jina hili la Kiswahili linatukumbusha jambo moja kubwa. Alama ya kidole inakueleza wewe peke yako. Vinasaba vinawaeleza pia wazazi wako, ndugu zako na watoto wako, ambao huenda hawakuulizwa kitu.

Tarehe 10 Septemba 1984, mwanasayansi Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, aligundua njia ya kumtambua mtu kwa vinasaba vyake. Watu wengi hudhani kwamba kesi ya kwanza ilikuwa ya mauaji. La hasha. Ilikuwa ya uhamiaji. Mwaka 1985, mvulana mmoja wa familia yenye asili ya Ghana alirudi Uingereza, na maofisa wakashuku kwamba si mtoto wa mama aliyemdai. Vipimo vilithibitisha kwamba ni mwanawe, na kijana akaruhusiwa kubaki na mama yake.

Polisi walifuata upesi. Wasichana wawili walikuwa wameuawa katika mkoa wa Leicestershire, mmoja mwaka 1983 na mwingine mwaka 1986. Kijana mmoja alikiri kosa moja kati ya hayo, lakini vinasaba vilionyesha kwamba hakuhusika, akaachiwa huru. Wanaume wa vijiji vya jirani waliombwa damu kwa maelfu, na hatimaye mkosaji, Colin Pitchfork, alihukumiwa mwaka 1988. Kumbuka vizuri kesi hii, msomaji wangu, ili usije ukadhani ninapinga vinasaba. Kazi yake ya kwanza mikononi mwa polisi ilikuwa kumwokoa asiye na hatia. Anayetetea sheria kali za kutunza kumbukumbu hizi hamtetei mhalifu. Anatetea imani ya watu kwa chombo chenye manufaa.

Mwaka 1995 Uingereza ilianzisha kanzidata ya taifa ya vinasaba. Kanzidata ni hifadhi ya taarifa zilizopangwa ndani ya kompyuta. Hapa tutofautishe mambo mawili. Sampuli ni mate, damu au unywele wenyewe. Ndani yake mna kila kitu, hata magonjwa ya kurithi. Wasifu wa vinasaba ni safu ya tarakimu zinazotokana na kuhesabu marudio katika sehemu chache tu za vinasaba. Polisi hulinganisha tarakimu na tarakimu. Kwa hiyo sheria nzuri huuliza maswali mawili tofauti: sampuli itatupwa lini, na wasifu utafutwa lini?

Uingereza ilichelewa kuyajibu. Mwaka 2001 mvulana wa miaka 11 alikamatwa kwa tuhuma za kujaribu kunyang'anya, kisha akaonekana hana hatia. Mwaka huo huo mtu mzima aitwaye Michael Marper alikamatwa, na kesi yake ikafutwa. Wote wawili waliomba kumbukumbu zao ziondolewe; wakakataliwa. Tarehe 4 Desemba 2008, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua, kwa kauli moja ya majaji 17, kwamba kuhifadhi bila kikomo vinasaba na alama za vidole za watu wasiopatikana na hatia ni kuvunja haki yao ya faragha. Baada ya sheria mpya ya mwaka 2012, wasifu zaidi ya milioni 1.7 ulifutwa.

Namna ya kugawana bila kukabidhi yote

Mhalifu huvuka mipaka, na polisi wa nchi moja huhitaji msaada wa nchi nyingine. Je, wagawane daftari zima? Tarehe 27 Mei 2005, nchi saba za Ulaya zilitia saini mkataba katika mji wa Prüm, Ujerumani, na mwaka 2008 taratibu zake zikaingizwa katika sheria za Umoja wa Ulaya. Jibu lao lilikuwa la hatua mbili. Kwanza, nchi moja hutuma tarakimu pekee, bila jina, na kanzidata ya nchi ya pili hujibu kama zinalingana au hazilingani. Pili, zikilingana, ndipo nchi ya kwanza huomba jina na maelezo ya mtu huyo, na ombi hilo hupimwa kwa sheria za nchi inayoombwa. Ni kama kumwuliza mwenye duka kama ana kitabu fulani bila kuingia stoo yake.

Interpol, shirika la polisi la kimataifa, limekuwa na kanzidata ya vinasaba tangu mwaka 2002, nayo hufuata hekima hiyo hiyo: nchi hutuma wasifu usio na jina, na hubaki kuwa mwenye wasifu huo. Tena kifungu cha 3 cha katiba ya Interpol kinalikataza shirika hilo kujiingiza katika mambo ya kisiasa, kijeshi, kidini au ya rangi. Kwa mkimbizi, kifungu hicho si maneno matupu. Aliyekimbia kwa sababu ya siasa hawezi kuvumilia taarifa zake zirudi, kwa mlango wa polisi, mezani kwa wale wale aliowakimbia.

Tanzania na Kenya zilivyoamua

Tanzania ilitunga Sheria ya Usimamizi wa Vinasaba vya Binadamu mwaka 2009, na kuipa Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali dhamana ya kusimamia shughuli hiyo. Huko Kenya, Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 iliweka kanuni iliyo wazi: mahakama inaweza kuamuru mtuhumiwa achukuliwe sampuli, akitiwa hatiani, sampuli huhifadhiwa, akiachiwa huru, mahakama huamuru iharibiwe. Soma tena sentensi hiyo, kwani ina kila kitu: nani anaamuru, kwa kosa gani, na mwisho wake ni upi.

Lakini nchi hiyo hiyo ilitaka kwenda mbali zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2018, marekebisho ya sheria ya uandikishaji wa watu yaliingiza vinasaba katika orodha ya taarifa ambazo serikali ingeweza kukusanya kwa kila mtu, katika mpango uliojulikana kama Huduma Namba. Hapa hapakuwa na mtuhumiwa wala kosa. Jukwaa la Haki za Wanubi, pamoja na taasisi nyingine za haki za binadamu, lilikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi. Wanubi wameishi Kenya kwa vizazi vingi, na bado wamesumbuliwa kupata vitambulisho; walijua uzito wa daftari la serikali. Tarehe 1 Aprili 2019 mahakama ilizuia kwa muda ukusanyaji wa vinasaba, na pia ikazuia taarifa hizo kupewa serikali au mashirika mengine. Tarehe 30 Januari 2020, majaji Mumbi Ngugi, Weldon Korir na Pauline Nyamweya walitoa hukumu: kukusanya vinasaba katika mpango ule kunakwenda kinyume cha katiba, na mpango wenyewe hauwezi kuendelea bila kanuni kamili za kulinda taarifa.

Kenya inatufundisha somo lingine, nalo ni chungu. Katika kaunti za kaskazini mashariki, nyakati za ukame na njaa, baadhi ya Wakenya wenye asili ya Kisomali waliandikishwa katika kambi za Dadaab ili wapate chakula na matibabu. Walitoa alama za vidole. Miaka ikapita, watoto wakakua, wakaenda kuomba kitambulisho cha taifa. Mashine ikalinganisha vidole vyao na daftari la wakimbizi, kisha ikasema: wewe si raia. Alama iliyotolewa kwa ajili ya mfuko wa unga imetumika kumnyima mtu nchi yake. Hakuna aliyeiba kitu. Daftari lilihama tu.

Dzaleka na Lilongwe

Sasa turudi nyumbani. Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kilomita 45 hivi kutoka Lilongwe. Jina lake latokana na kitenzi cha Kichewa kuleka, yaani kuacha, kwa maana ya "nitaacha, sitarudia tena". Ni jina la gereza, na gereza ndilo lililokuwapo pale enzi za Rais Kamuzu Banda. Mwaka 1994 pakawa kambi ya wakimbizi, iliyopangwa kwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo inakaliwa na watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili kinasikika sokoni na makanisani.

Mwishoni mwa mwaka 2013, UNHCR, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, lilichagua Dzaleka kuwa mahali pa kujaribia mfumo wake mpya wa kutambua watu. Katika wiki chache, maelfu ya watu walichukuliwa alama za vidole vyote kumi, mboni za macho na picha ya uso. Mfumo huo ukasambazwa baadaye katika nchi nyingine nyingi. Kwa hiyo, kijana wangu, huenda kidole chako ni miongoni mwa vya kwanza kabisa ulimwenguni kuingia humo. Na usidharau faida yake. Mtu aliyekimbia bila karatasi hata moja anaweza, kwa kidole chake, kuthibitisha kwamba ni yeye, akapata mgawo wake bila mwingine kujifanya yeye.

Mwaka 2015 UNHCR ilitoa sera ya kulinda taarifa za watu inaowahudumia. Inampa mhusika haki ya kuelezwa taarifa zake zinachukuliwa kwa lengo gani, kuomba kuziona, na kuomba zirekebishwe. Kuhusu polisi na mahakama, haisemi kwamba mlango umefungwa kabisa. Inasema taarifa zaweza kutolewa katika mazingira maalumu, kwa ajili ya uhalifu mzito, ikiwa haziwezi kupatikana kwa njia nyingine na haki za mhusika hazitaumizwa kupita kiasi. Kanuni ni nzuri. Utekelezaji ndio mtihani. Mwezi Juni 2021, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kwamba taarifa za wakimbizi Warohingya zilizokusanywa Bangladesh zilifikishwa kwa serikali ya Myanmar waliyoikimbia, na kwamba wengi hawakuombwa ridhaa ipasavyo. UNHCR ilipinga madai hayo, lakini mjadala wake uliwafikirisha wengi.

Wengine kutoka Dzaleka wamehamia Marekani, na huko vinasaba huulizwa pia. Mwaka 2008 serikali ya Marekani ilianza jijini Nairobi majaribio ya kupima vinasaba vya wakimbizi walioomba kuungana na jamaa zao. Familia nyingi hazikuthibitishwa, ama kwa sababu watu hawakupima au kwa sababu vipimo vilikataa, na mpango ukasimamishwa mwaka huo huo hadi mwaka 2012. Udanganyifu ulikuwapo, sikatai. Lakini wewe unayejifunza Kiswahili unajua kwamba kaka wa baba yangu ni baba yangu mkubwa au mdogo, na mtoto wa marehemu dada yangu niliyemlea ni mwanangu. Mtu anaposema "huyu ni mwanangu", lugha inamwamini. Maabara haiijui lugha hiyo.

Na Malawi yenyewe? Mwaka 2017 serikali iliandikisha watu zaidi ya milioni 9 kwa ajili ya vitambulisho vya taifa, alama za vidole zikiwamo. Mwaka 2024 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa ikaanza kutumika, na mamlaka ya mawasiliano, MACRA, ikapewa jukumu la kuisimamia. Juu ya yote iko katiba ya mwaka 1994. Kifungu chake cha 21 kinatoa haki ya faragha kwa kila mtu. Mwanafunzi wa sarufi, tazama nomino iliyotumika: mtu, si raia. Tofauti hiyo si ndogo. Machi 2023 serikali iliamuru wakimbizi wanaoishi mijini warudi Dzaleka, na Mei polisi wakaanza kuwakamata hapa Lilongwe. Nilimwona mama mmoja akifunga duka lake mchana kweupe. Mtu kama huyo anapoombwa kidole chake na serikali ile ile, hofu yake haihitaji kuelezwa. Dawa ya hofu hiyo ni sheria ambayo hata yeye anaweza kuisoma na kuidai.

Basi, kijana wangu, hili ndilo jibu. Sijui kompyuta ipi inatunza alama zako leo, lakini najua maswali unayostahili kuuliza: Zilichukuliwa kwa lengo gani? Nani mwingine amepewa, na kwa sheria ipi? Zitafutwa lini? Nikikuta kosa, nimwendee nani? Mtunza amana mwaminifu hakasiriki akiulizwa habari za amana.

Maswali ya kujadili

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya sampuli na wasifu wa vinasaba. Ni kipi kinachohitaji ulinzi mkali zaidi, na kwa nini?

2. Linganisha kipande cha Kenya na uandikishaji wa Dadaab. Katika kila kisa, taja lengo la kwanza la alama za vidole na lengo lililofuata.

3. Tunga aya moja ukitumia maneno amana, ridhaa, faragha na kanzidata.